Mimea ya Mtoni Yatufundisha Nini?

Mama aletapo mtoto mgonjwa hospitalini, mganga hutazama kwanza macho yake, ulimi wake na ngozi yake. Mto nao una dalili zake. Mimea iotayo ndani ya maji na ukingoni ni dalili mojawapo, na kila mtu aweza kuitazama.

Kwa nini tutazame mimea? Maji hupita. Uchafu uliomwagwa asubuhi, jioni umekwisha kushuka mbali. Samaki aweza kukimbia. Lakini mmea wenye mizizi hukaa pale pale, ukipata maji mema na mabaya miezi mingi. Kwa hiyo hutuonyesha hali ya mto ya siku nyingi, si ya siku moja. Huko Ulaya, sheria ya mwaka 2000 iliagiza nchi zichunguze mimea ya majini, pamoja na samaki na wadudu, ili kujua afya ya mito. Wachunguzi hufuata mto kwa kiasi cha mita 100, wakiandika kila mmea waliouona.

DALILI NNE

1. Mimea ya chini ya maji imetoweka. Mimea hii huhitaji nuru ya jua. Katika nchi yetu dhahabu ilivumbuliwa mwaka 1903, na hata leo watu huosha mchanga wa dhahabu katika vijito. Matope yake huzuia nuru, tena hufunika mawe ya chini. Mimea hufa, na samaki hukosa mahali pa kutaga mayai na pa kujificha. Lakini usihukumu upesi: mto wenye mawe na maji ya kasi, au wenye kivuli kizito cha miti, huwa na mimea michache kwa asili yake.

2. Ukoga mwingi wa kijani, au vijani vidogo vya duara vielevyo na kufunika maji. Hii ni dalili ya chakula kingi mno majini, kitokacho katika vyoo, samadi ya ng'ombe na takataka. Ukoga ukioza, humaliza hewa iliyo katika maji, na samaki hufa.

3. Gugumaji, lile lenye maua ya zambarau na mashina yaliyovimba. Halikuwa la Afrika. Lilitoka Amerika ya Kusini. Katika mto Congo lilienea tangu miaka ya 1950, na baadaye likasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Hupenda maji yaendayo polepole, yenye uchafu mwingi.

4. Mafunjo na matete yamekatwa au kuchomwa. Mimea hii ni kama chujio: hupunguza mwendo wa maji, nayo matope hutuama. Kule Kampala, bwawa la mafunjo la Nakivubo limesaidia kusafisha maji machafu ya mji kabla hayajafika ziwani. Palipo na mafunjo, tuyaache.

Njia nzuri ya kuchunguza ni kulinganisha. Tazama hatua 100 za kijito juu ya machimbo au juu ya mji, kisha hatua 100 chini yake. Tazama wakati wa kiangazi, halafu tena wakati wa mvua. Simama ukingoni, usiingie majini. Konokono wenye kuleta kichocho hukaa katikati ya mimea, na ugonjwa huo upo katika Ituri.

MAMBO MAWILI MIMEA ISIYOYAONYESHA

Angalieni sana hapa. Kwanza, mimea haionyeshi vijidudu vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara. Kijito chenye maji maangavu na mimea mizuri chaweza kuua mtoto, kama mtu amejisaidia karibu nacho.

Pili, haionyeshi zebaki, ile itumiwayo na wachimbaji kukamata dhahabu. Gugumaji huweza kunyonya zebaki kwa mizizi yake, na bado likatoa maua. Katika matope zebaki hugeuka kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki hata kwa mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1956. Watoto walizaliwa wakiwa na ubongo ulioharibika, ingawa mama zao wengine hawakuonekana wagonjwa.

TUFANYE NINI?

- Tuchuje maji, kisha tuyachemshe hata yatokote, ijapokuwa ni maangavu.
- Tuchimbe vyoo mbali na kijito.
- Tuache mafunjo, matete na miti ukingoni.
- Tusioshe zebaki mtoni, wala tusiichome nyumbani. Mvuke wake ni sumu. Mama mwenye mimba na watoto wakae mbali nayo.
- Tusilishe wanyama gugumaji la chini ya machimbo.

Mto Shari huingia katika mto Ituri. Ituri huitwa Aruwimi huko chini, nao huingia mto Congo penye Basoko. Tunachomwaga hapa, jirani tusiyemjua hukinywa. Someni Isaya 19:5-8, mwone jinsi nabii alivyounganisha kukauka kwa mimea ya mtoni na huzuni ya wavuvi. Kumpenda jirani ni pamoja na kumtunzia maji.

MASWALI

1. Kwa nini mmea hutuambia zaidi kuliko maji ya siku moja?
2. Mimea ikiwa mizuri, je, twaweza kunywa maji bila kuyachemsha? Kwa nini?