KICHWA KINAPOUMA GHAFLA, TAZAMA SAA

JE, msomaji, ungefanya nini ikiwa simu ingelia sasa hivi, nawe uambiwe kwamba mama mkubwa ameshika kisogo ghafla akilia kwamba kichwa chapasuka, kisha akatapika na kuzirai?

Tuseme mama huyo yuko Liboi, mji mdogo wa Kaunti ya Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia. Kutoka huko hadi Nairobi, kupitia Dadaab na Garissa mjini, ni zaidi ya kilomita 500. Wengi wetu tungeshauri afungwe leso kichwani, apewe vidonge vya maumivu na kuachwa alale hadi asubuhi.

Ushauri huo waweza kumuua.

Kuna ugonjwa ambao madaktari huuita anurisimu ya ubongo. Umewahi kuona mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ukifura mahali palipochakaa? Ndivyo ilivyo. Ukuta wa mshipa wa damu ubongoni hulegea mahali fulani na kufura kama kipulizo. Yakadiriwa kwamba watu wazima 3 katika kila 100 wana uvimbe wa aina hii. Wengi wao huishi hadi uzeeni bila kujua, kwa sababu haupasuki kamwe.

Ukipasuka, damu humwagika na kuuzunguka ubongo. Maumivu yake hayaji polepole. Hufikia kilele kwa sekunde au dakika chache, na mgonjwa husema hajapata kuumwa hivyo maishani. Shingo hukakamaa, mwanga humchoma macho, na wengine huzimia. Wagonjwa wengi hufa, baadhi yao kabla ya kufika hospitalini. Aliyenusurika anaweza kuvuja damu tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika siku ya kwanza.

Saa 6 za mwanzo

Mwaka wa 2011, madaktari wa Kanada walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya wagonjwa 3,000 waliofika hospitalini wakiumwa ghafla na kichwa. Waligundua kwamba picha ya CT ikipigwa katika muda wa saa 6 tangu maumivu kuanza, ilionyesha damu kwa kila mgonjwa aliyekuwa akivuja. Baada ya muda huo, baadhi ya wagonjwa walipitwa na mashine.

Sasa fikiria safari ya kutoka Liboi. Mvua ikinyesha, barabara hugeuka tope, na usalama wa mpakani nao huwafanya madereva wasite kusafiri usiku. Saa 6 zaweza kuishia njiani. Hata hivyo usikate tamaa. Daktari akijua muda umepita, anaweza kupima maji ya uti wa mgongo ili atafute dalili za damu. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kutazama saa na kuandika wakati maumivu yalipoanza. Karatasi hiyo aende nayo mgonjwa.

Tiba ipo

Mwaka wa 1937, daktari Mmarekani Walter Dandy alifungua fuvu la mgonjwa na kubana shingo ya uvimbe kwa kibanio kidogo cha fedha. Kisha daktari Mwitaliano Guido Guglielmi akabuni njia nyingine, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka wa 1990. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa pajani hadi ubongoni, na uvimbe hujazwa nyuzi laini za platinamu.

Ipi bora? Utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 2,143, uliotangazwa mwaka wa 2002, ulilinganisha njia hizo kwa wagonjwa waliofaa kutibiwa kwa yoyote kati yake. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa takriban 24 kwa 100 kati ya waliotiwa nyuzi, na 31 kwa 100 kati ya waliopasuliwa. Lakini si kila uvimbe unafaa nyuzi, hivyo daktari ndiye huamua.

Usidhani huu ni ugonjwa wa ng'ambo. Mwaka wa 2009, Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 56 walioonekana katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kwa miaka 10. Mambo mawili yaliyojitokeza zaidi kwao yalikuwa uvutaji wa sigara na shinikizo la damu.

Basi simu hiyo ikilia, mwambie aliye huko asimpe mgonjwa aspirini, kwa maana huzuia damu kuganda. Asimpe chakula wala kinywaji ikiwa hana fahamu. Amlaze kwa ubavu, kisha atafute gari la kumfikisha kwenye kituo cha afya, na aombe apelekwe penye mashine ya CT bila kungoja kuche.

Na ikiwa simu haijalia, piga wewe. Muulize mama mkubwa alipimwa shinikizo la damu lini. Kipimo hicho hakihitaji safari ya Nairobi, na huchukua dakika chache tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.