Kutambua RAM inayokubaliwa na madabodi

Karibu kila madabodi hukubali kizazi kimoja tu cha RAM. Kompyuta nyingi zinazotumika leo zina DDR3, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2007, DDR4 ya mwaka 2012 au DDR5 ya mwaka 2020. DDR3 hutumia umeme wa volti 1.5, DDR4 volti 1.2 na DDR5 volti 1.1, na hata mpangilio wa pini hubadilika. Ili kuzuia makosa, kila kizazi kimekatwa pengo dogo kwenye safu ya pini, mahali tofauti na pengo la kizazi kilichotangulia, nalo hulingana na kizuizi kilichomo ndani ya sloti. Kipande ambacho pengo lake halikutani na kizuizi hicho si cha madabodi hiyo, na kukilazimisha ni kuvunja sloti. Kuhesabu pini hakutoshi: za DDR3 ya kompyuta ya mezani ni 240, lakini DDR4 na DDR5 zote zina 288.

Makosa mengi huanzia kwenye kubahatisha kwa kutazama umri wa kompyuta au jina la prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015, zinaweza kufanya kazi na DDR4 au na DDR3L, yaani DDR3 ya volti 1.35. Aliyeamua ni mtengenezaji wa madabodi. Dell, kwa mfano, iliweka DDR4 kwenye OptiPlex 7040, lakini OptiPlex 3040 na 5040 za kizazi hichohicho zikapewa DDR3L. Kompyuta hizi za ofisi, zilizokwisha kutumika ng'ambo, ni za kawaida katika maduka ya Afrika Mashariki, na mbili kati yake zinaweza kuwekwa mezani zikiwa na prosesa ileile ya Core i5-6500 huku RAM ya moja isiingie kwenye nyingine. Hali hiyo ilijirudia mwaka 2021 kwa prosesa za Intel za kizazi cha 12, zinazokubali DDR4 au DDR5. MSI iliuza madabodi ya PRO Z690-A kwa namna mbili, na ya DDR4 ilitofautishwa kwa neno hilo mwishoni mwa jina. Kwa hiyo jina la madabodi lisomwe mpaka herufi ya mwisho. Kwa AMD kazi ni nyepesi zaidi: soketi ya AM4 ni ya DDR4, na AM5 ya mwaka 2022 ni ya DDR5 pekee.

Kompyuta inayowaka haihitaji kufunguliwa. Katika PowerShell ya Windows, amri ya Get-CimInstance Win32_BaseBoard hutaja mtengenezaji na modeli ya madabodi. Amri ya Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory huorodhesha RAM iliyomo, na katika mstari wa SMBIOSMemoryType namba 24 humaanisha DDR3, 26 ni DDR4 na 34 ni DDR5. Kwenye Linux, sudo dmidecode -t memory huandika aina yenyewe waziwazi. Jina la modeli likishapatikana, ukurasa wake katika tovuti ya mtengenezaji ndio wa kuaminiwa kuhusu aina ya RAM, kasi na ukubwa wa juu kwa kila sloti.

Kompyuta isiyowaka hufunguliwa, baada ya kuchomolewa kwenye umeme. Jina la modeli huwa limechapishwa juu ya madabodi yenyewe, na lebo ya RAM iliyokuwemo husema mengi kwa herufi chache. PC3 ni DDR3, PC3L ni DDR3L, PC4 ni DDR4 na PC5 ni DDR5. Katika PC3L-12800, namba ya mwisho ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde. Ikigawanywa kwa nane hupatikana kasi iliyozoeleka ya 1600. Herufi L isipuuzwe. DDR3L huweza kufanya kazi pia kwa volti 1.5, kwa hiyo kwa kawaida hufaa kwenye madabodi ya DDR3, lakini DDR3 ya kawaida haifai kwenye madabodi iliyoandikiwa DDR3L pekee, ingawa pengo la vyote viwili liko mahali pamoja.

Pengo halisaidii pia kwa RAM za seva za DDR4, ambazo mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia. RAM ya seva ya DDR4 huingia vizuri kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida, kisha kompyuta haiwaki. Tofauti iko kwenye lebo: PC4-2400T-U ni ya kompyuta ya mezani, PC4-2400T-S ni ya laptopu, na PC4-2400T-R ni ya seva.