Kuanzisha Mpango wa Kutunza Mazingira Shuleni kwa Ushirikiano wa Wafanyakazi Wote

Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha namna ya kuanzisha mpango wa kutunza mazingira shuleni. Shule ni mahali pa masomo, lakini pia ni mahali pa kazi. Mpishi huchoma kuni, mlinzi hufunga mabomba, walimu hutumia karatasi, wanafunzi hufagia na kumwagilia. Mpango ulioandikwa ofisini bila kuwashauri watu hawa hauna maisha marefu kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Fundisho la ngitili

Mfano mzuri tunao papa hapa Shinyanga. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, mifugo isiingie mpaka kiangazi kikali. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Wakati wa ukoloni misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Baadaye, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wengi walihamishwa mbali na ngitili zao. Nchi ikabaki tupu.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao baadaye ulisaidiwa na Norway. Mwanzoni mkazo uliwekwa katika kugawa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Matunda makubwa yalipatikana pale wataalamu walipowasikiliza wanavijiji na kuifufua ngitili, desturi ambayo watu waliifahamu na kuiona kuwa yao. Sheria za kuilinda zilitungwa vijijini, na mikutano ya jadi iitwayo dagashida ilitumika kuzipitisha. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Mradi ulimalizika mwaka 2004, lakini maarifa yalibaki mikononi mwa wenyewe.

Hatua za kufuata

(a) Kupima kwanza. Chagua jambo moja, kwa mfano kuni za jikoni. Wanafunzi wa darasa la tano wahesabu mizigo inayotumika kila siku kwa juma moja. Tuseme ni mizigo 4 kwa siku. Kwa siku 5 ni mizigo 20. Hilo tayari ni somo la hisabati, na idadi hiyo itakuwa kipimo cha maendeleo.

(b) Kuuliza mwenye kazi. Mpishi mara nyingi ni mtu mzima kuliko mwanachuo. Afuatwe jikoni kwake, aamkiwe kwa heshima, kisha aulizwe: "Mama, kuni zinapotea wapi?" Huenda akajibu kwamba kuni huletwa mbichi, sufuria haina kifuniko, na maharage hutolewa stoo asubuhi, hivyo hayawezi kulowekwa usiku. Tazama jinsi jibu hilo linavyobadilisha mambo! Dawa ya maharage haimo jikoni, bali katika saa ambayo mwalimu wa stoo hufungua mlango. Asingeulizwa mpishi, lawama ingemwangukia yeye.

(c) Kukutana na kupatana. Kwa idhini ya mwalimu mkuu, waitwe mpishi, mlinzi, mwalimu wa stoo, viranja na mjumbe wa kamati ya shule. Wapange sheria chache wanazoweza kuzitimiza, na kila sheria iwe na msimamizi wake. Mwanachuo aandike, asihutubie.

(d) Kuonyesha faida. Wanavijiji walilinda ngitili kwa sababu waliipata faida yake: malisho, kuni, dawa, nyasi za kuezekea. Shuleni nako, kinachookolewa kionekane. Kikao hichohicho kiamue fedha iliyosalia inunue nini, pengine vifuniko vya sufuria.

(e) Kufuata majira. Hapa Ibadakuli mvua hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Miche iliyopandwa Mei itataka maji ya kubebwa kichwani kiangazi kizima, na kazi hiyo itawaangukia watoto. Kwa hiyo wanafunzi wapande mapema wakati wa mvua, na kabla ya kupanda ijulikane nani atamwagilia wakati wa likizo.

Tahadhari

Yafaa ikumbukwe kwamba Serikali sasa inazihimiza taasisi ziache kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hata jiko la gesi likifika, mpishi asiyefundishwa wala kushauriwa ataliogopa, na mafiga yatarudi nyuma ya jengo.

Jambo la mwisho ni muda. Mazoezi ya kufundisha ni ya majuma machache, na mpango unaomtegemea mwanachuo huondoka naye. Basi daftari la vipimo likae kwa mpishi na kiranja tangu siku ya kwanza. Mkufunzi akirudi muhula ujao akalikuta limejazwa kwa mwandiko wa watu wengine, atajua kwamba mwanachuo huyo alifundisha vema.