Uchavushaji wa maboga kwa mkono

Uchavushaji wa maboga kwa mkono ni kazi ya kuhamisha chavua kutoka ua la kiume la mmea wa maboga hadi ua la kike, ikifanywa na mtu badala ya nyuki. Hufanyika hasa katika bustani za nyumbani, pale ambapo mimea hutoa maua mengi lakini maboga machanga hunyauka na kuanguka. Hufanywa pia na wakulima wanaotaka kuhifadhi mbegu za aina moja bila kuchanganyika.

Maua

Maboga ni matunda ya mimea ya jenasi Cucurbita katika familia Cucurbitaceae, ambayo asili yake ni bara la Amerika. Spishi zinazolimwa sana ni C. maxima, C. moschata na C. pepo. Mmea mmoja huwa na maua ya kiume na ya kike. Ua la kiume lina kikonyo kirefu chembamba na katikati yake kuna stameni zenye chavua ya njano. Ua la kike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali zake huonekana ovari yenye umbo la boga dogo.

Kwa kawaida maua ya kiume hutangulia kutokea, kwa hiyo maua ya kwanza huanguka bila kuzaa na hilo si ugonjwa. Kila ua hufunguka alfajiri ya siku moja tu, na hujifunga kabla au karibu na saa sita mchana.

Sababu

Chavua ya maboga ni nzito na hunata, hivyo upepo hauwezi kuisafirisha. Nyuki wakikosekana kwa sababu ya mvua za asubuhi, baridi au dawa za kuua wadudu, ovari hugeuka njano na kuanguka baada ya siku chache. Chavua ikiwa kidogo, boga huweza kuwa dogo au kukua upande mmoja. Hata hivyo, mmea wenye matunda mengi au uliokosa maji huweza kuangusha hata maboga yaliyochavushwa vizuri.

Hatua

1. Asubuhi na mapema huchaguliwa ua la kiume na ua la kike yaliyofunguka siku hiyo.
2. Ua la kiume hukatwa na petali zake huondolewa ili stameni zibaki wazi.
3. Stameni hupakwa taratibu juu ya stigma, iliyo katikati ya ua la kike, hadi sehemu zake zote zipate chavua. Brashi ndogo laini yaweza kutumika pia.
4. Ikiwezekana, kazi hurudiwa kwa ua la kiume la pili.

Ovari ikiendelea kukua baada ya wiki moja, uchavushaji umefanikiwa.

Kuhifadhi mbegu

Aina tofauti za spishi moja huchanganyika kwa urahisi. Mchanganyiko hauonekani katika boga la msimu huo, bali katika mimea itakayoota kutokana na mbegu zake. Kwa sababu hiyo, maua yanayokaribia kufunguka hufungwa kwa uzi jioni, huchavushwa asubuhi, kisha ua la kike hufungwa tena. Kikonyo chake huwekewa alama ili boga hilo litambulike wakati wa kuvuna.

Matumizi ya maua

Katika Afrika ya Mashariki majani machanga ya maboga, ambayo Tanzania huitwa pia msusa, hupikwa kama mboga, na maua huliwa vilevile. Anayechuma maua hupaswa kuacha ya kike yote na baadhi ya yale ya kiume, la sivyo hakutakuwa na chavua.

Mimea mingine

Njia ya namna hii ni muhimu zaidi kwa vanila. Mwaka 1841 Edmond Albius, mtumwa mwenye umri wa miaka 12 kisiwani Réunion, alionyesha njia rahisi ya kuichavusha kwa kijiti. Njia hiyo ingali inatumika Madagaska, Komori na Uganda.