Chapo Imemkataa, Si Maringo

Cuzo yangu wa Nyalenda alikuwa anapenda chapo dondo kushinda msee yeyote namjua. Chapo mbili za mbao mbao, dondo ya moto, anamanga akiwa amesimama hapo kando ya jiko. Masaa mawili baadaye tumbo imefura kama ngoma na ako chooni. Hii maneno ilienda miaka tatu. Kliniki moja ikasema amiba, ingine taifodi, ingine vidonda vya tumbo, na kila mahali akatoka na mfuko wa dawa. Kilo zikaisha, damu ikapungua. Na mtaani kwetu ukikonda hivyo, hakuna mtu anauliza umekula nini. Wazee wananong'ona chira, ile laana ya kuvunja mwiko, vijana wananong'ona ukimwi. Hio ndio ilimchoma kuliko tumbo yenyewe.

Ilichukua daktari mmoja kumuuliza: siku ukidishi ugali na samaki pekee, unaskiaje? Akasema fiti kabisa. Wakapima damu, halafu kamera nyembamba ikashushwa hadi utumbo mdogo, ikatoa kipande kidogo cha kuangalia. Seliaki.

Wasee wengi huita hii kitu alaji. Zii. Gluteni ni protini iko kwa ngano, shayiri na rai, ile inafanya donge la chapo livutike bila kukatika. Kwa msee wa seliaki, ikiingia tu, kinga ya mwili inageukia utumbo wake yenyewe. Vile vinyweleo vya kunyonya chakula vinalala chini, so unakula lakini mwili haushiki kitu. Mifupa inalegea, mtoto haongezi urefu. Kuna wenye hata hawaendeshi, wanachoka tu kila siku na hawajui ni nini. Na usidhani lazima ukonde, hata msee mnono anaweza kuwa nayo.

Eti ni ugonjwa ya wazungu. Hapa ndio mimi huwaka. Mwaka wa 1999 kulitoka utafiti wa watoto wa Saharawi, watu wa jangwa huko Sahara Magharibi. Kati ya kila watoto 100, kama 5 ama 6 walikuwa nayo. Dunia nzima ni kama 1 kwa 100. Hao ni Waafrika, maze. Inataka uzaliwe na jeni fulani na ngano iwe kwa sahani, na ngano sisi tushaifungulia mlango: mandazi asubuhi, smocha mchana, chapo jioni. Nyanya zetu hapa ziwani walilelewa na kuon bel, ugali ya mtama, kabla hata mahindi ishike.

Mwenye alishika hii rada ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Tayari alikuwa anashuku ngano, halafu ikakuja huko kwao ile baridi ya njaa ya vita, 1944 hadi 1945. Mkate ukapotea, na watoto wagonjwa wakaanza kupata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanguka tena.

Sasa mathe za mtaa zitakuambia kula ya brown basi. Mkate ya brown ni ngano. Chapo ya atta ni ngano. Wengine watasema kidogo tu haiui, meza dawa. Dawa ya kufanya ule chapo salama haiko. Na hiyo kidogo, miligramu 50 za gluteni kila siku, yaani makombo tu ya mkate, inatosha kuharibu utumbo.

Lakini kitu moja nakuomba sana: kama unajishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, damu inaweza kusoma safi na ujikute hujui uko wapi. Ukipatikana nayo, ambia ndugu zako wapimwe pia, ju kwa familia ya karibu kama 1 kwa 10 anakuwa nayo. Na kama ngano haikusumbui, kuiacha haitakupea afya ya ziada.

Kuna wenye hudhani haya ni maisha ya masonko, zile paketi za bei kwa supamaketi. Cuzo hajawahi kununua hata moja. Anaingia soko ya Kibuye ananunua mtama, wimbi na rabuon, yaani viazi vitamu. Mboga za osuga na apoth ziko hapo, omena iko hapo, nyoyo ya mahindi na maharagwe anachemsha mwenyewe. Kazi iko kwa posho mili, ju mashine yenye imetoka kusaga ngano ya mtu ndio itasaga mtama yake. So anamwaga kwanza kasuku moja ya mahindi, ile unga inatoka inaenda kwa kuku, ndio mtama yake inafuata.

Jumapili iliyopita tulikuwa ufuoni Dunga. Mathe mmoja wa kuuza samaki alikuwa ashakata ngege, karai inachemka, na kando yake beseni ya mandazi za asubuhi. Cuzo akainama, akauliza polepole, "Mama, hii mafuta ndio ilipika mandazi?" Mathe akamwangalia vile watu humwangalia, nikajua neno gani linakuja: maringo. Cuzo akamwelezea, bila haraka, hadi vile siku moja alibebwa na boda akiwa amezimia. Mathe akanyamaza kidogo. Akashusha karai, akachukua sufuria safi, akafungua mafuta mpya, akasema, "Keti hapo, nyathina. Yako naanza nayo."