Fahamu: Kodi na ruzuku za majimbo nchini Kanada

Mkazi wa Kanada hulipa kodi ya mapato kwa serikali ya shirikisho na kwa jimbo alilokuwa akiishi tarehe 31 Desemba. Quebec pekee hujikusanyia kodi hiyo ya watu binafsi, hivyo wakazi wake huwasilisha ritani mbili. Kwenye mauzo, Alberta haina kodi ya jimbo, na mnunuzi hutozwa asilimia 5 ya shirikisho tu. Ontario jumla ni asilimia 13. Jambo linalowaponyoka wengi, hasa wahamiaji wapya, ni kwamba ruzuku ya Ontario Trillium, inayowapunguzia wenye kipato kidogo makali ya kodi ya mauzo, ya nyumba na gharama za nishati, haitolewi bila ritani, hata kwa asiye na kipato chochote.