Mchungwa unanyauka na maji yapo? Chungulia chini ya gome

Lituhi maji siyo ya kusingizia: Ziwa Nyasa liko mbele, Mto Ruhuhu unamwaga hapo hapo. Mchungwa wa uani ukinyauka huku matunda madogo yakining'inia, lawama huenda kwa ardhi, au kwa jirani. Mara nyingine mkosaji ni kirusi.

Kinaitwa tristeza, neno la Kireno lenye maana ya huzuni. Jina lilianzia Brazil, ambako tangu miaka ya 1930 kiliua mamilioni ya miti. Afrika Mashariki nako kipo.

Mti una njia mbili. Moja, ndani ya mti wenyewe, hupandisha maji kutoka mizizini. Nyingine, kwenye ngozi laini chini ya gome, hushusha sukari iliyotengenezwa na majani. Tristeza hukaa kwenye hii ya pili. Mchungwa ukiwa umebebeshwa juu ya mdanzi, njia ya sukari hufa pale kwenye kiungo. Sukari inakwama juu, mizizi inakula akiba yake, na akiba ikiisha nayo inakufa. Mizizi iliyokufa haivuti maji hata umwagilie ndoo ngapi. Ndiyo maana mti unakufa kama wenye kiu.

Uliobebeshwa juu ya mlimau wa ganda lenye mikunjo huvumilia zaidi. Mndimu ndio hauna bahati: hata usipobebeshwa, mishipa ya majani machanga hupauka, na chini ya gome mti hujaa vishimo na kudumaa.

Kwa mchungwa wa juu ya mdanzi, bandua kipande kidogo cha gome chini ya kiungo (kidogo tu, usizungushe shina). Upande wa ndani ukiwa na vitundu kama vya sega la nyuki, shaka inakuwa kubwa. Uhakika hutoka maabara.

Vidukari weusi wa kwenye machipukizi hukisambaza, ila kidukari hukibeba siku 1 au 2 tu. Kikonyo cha kubebeshea hukibeba maisha yote, na kikipanda basi kinafika mkoa wowote. Mbegu haikibebi.

Dawa ya kuponya mti hakuna. Kwa hiyo kabla ya kulipia mche, muulize muuzaji: umebebeshwa juu ya nini, na kikonyo kilikatwa mti gani?